Chema Chajiuza, Lakini Kwanza Kionekane

(Hotuba niliyoitoa mbele ya waandishi wa blogu. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke.)

Ndugu mwenyekiti, waandishi wenzangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mwenye blogu huliuliza, na mara nyingi huliuliza kwa unyonge: mbona naandika na sisomwi? Swali hili naliheshimu. Anayeliuliza si mvivu. Amekesha akiandika wakati wenzake wamelala, amehariri, ametafuta picha, amechapisha, kisha takwimu zikamwonyesha kwamba kwa wiki nzima wamepita watu wachache mno, na baadhi yao ni jamaa zake. Inauma. Wengi huishia hapo, nasi tunawapoteza waandishi wazuri kwa sababu ambazo mara nyingi zingerekebishika kwa jioni moja.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli wake, lakini imewaponza waandishi wengi. Mwandishi akiishika kama ilivyo, hukaa kimya akingoja. Huona aibu kumwambia mtu, "nimeandika kitu, kisome," kwa kuwa anadhani kujitembeza ni dalili ya ubovu. Ndugu zangu, chema hujiuza kikiwa mbele ya macho ya watu. Makala uliyochapisha leo haiko mbele ya macho ya mtu yeyote. Imehifadhiwa kwenye seva fulani, ina anwani yake, na anwani hiyo unaijua peke yako. Kuifikisha kwa anayeihitaji ni sehemu ya kazi ya uandishi kama kuhariri kulivyo sehemu ya kazi hiyo. Na jambo ninalotaka mlichukue kwa uzito leo ni kwamba sehemu kubwa ya kuvuta wasomaji hufanyika ndani ya makala yenyewe, kabla hujaisambaza popote.

Lakini kabla ya makala, kuna jambo dogo la kiufundi. Likiwa limeharibika, yote nitakayosema baadaye hayatakusaidia. Wengi wenu mnatumia WordPress, programu ya kuendeshea blogu ambayo imekuwepo tangu mwaka 2003. Ndani ya mipangilio yake, kwenye sehemu inayohusu usomaji, kuna kisanduku kinachoiambia mitambo ya kutafuta isiiorodheshe tovuti. Watu hukiwekea alama wakati blogu inajengwa, jambo ambalo ni sahihi, kisha blogu inafunguliwa rasmi na kisanduku kinasahaulika. Mwandishi anaandika mwaka mzima, na Google inatii kwa uaminifu ombi lake la kutoonekana. Kukagua ni rahisi: nenda kwenye Google, andika site, weka alama ya nukta mbili, kisha anwani ya blogu yako bila kuacha nafasi. Kurasa zako zikitokea, mtambo unazijua. Kisipotokea kitu na blogu si ya jana, anza na kile kisanduku.

Sasa tuingie kwenye makala.

Kuna dada mmoja anayeandika kuhusu ushonaji. Ameniruhusu nitumie kazi yake kama mfano, na nitakaa nayo kidogo kwa sababu ina mafunzo yetu sote, awe mtu anaandika kuhusu ushonaji, malezi, mashairi au kompyuta. Dada huyu ana kalamu nzuri. Alikuwa na mfululizo alioupa jina "Safari yangu na cherehani", na kila makala ilikuwa na kichwa hicho hicho na namba ya sehemu: sehemu ya tatu, ya nne, ya tano. Ukizifungua unakutana na mtu anayejua kazi yake. Anasimulia alivyojifunza, anaeleza vitambaa, anafurahia nguo ikikaa vizuri mwilini. Na katikati ya sehemu ya tano, baada ya aya ndefu za simulizi, anaeleza kwa ufasaha kwa nini uzi wa juu hukatika wakati wa kushona na namna ya kutafuta chanzo.

Ile aya moja ilikuwa dhahabu, nayo ilikuwa imezikwa. Fikirini mtu aliyeketi mbele ya cherehani usiku, kitambaa kiko chini ya sindano, nguo inatakiwa asubuhi, na uzi umekatika kwa mara ya nne. Anachukua simu. Anaandika nini? Haandiki "safari na cherehani". Anaandika "uzi unakatika nikishona". Jibu lake lipo, limeandikwa na mtu anayelijua kabisa, lakini liko ndani ya ukurasa ambao kichwa chake hakina neno hata moja kati ya yale aliyoyaandika. Hakuna mtambo wala binadamu atakayewakutanisha wawili hao.

Tukaitoa aya ile na kuifanya makala yake yenyewe. Kichwa kikawa: "Uzi wa juu unakatika kila ukishona? Anza na sindano". Kisha tukaja kwenye mwanzo. Rasimu yake ya kwanza ilianza hivi: "Ushonaji ni sanaa ya kale inayohitaji uvumilivu, na kila fundi hukutana na changamoto zake." Hakuna kosa katika sentensi hiyo, ila msomaji wetu wa usiku hana kazi nayo. Mwanzo mpya ukawa: "Zima mashine, chomoa sindano, ilaze kwenye kioo kwa upande wake bapa. Nafasi kati ya sindano na kioo ikiwa hailingani toka mwanzo hadi nchani, sindano imepinda. Ibadilishe kabla hujagusa kitu kingine." Baada ya hapo anaendelea: kama sindano ni nzima, toa uzi wote na uupitishe upya, na mguu unaobana kitambaa uwe umeinuliwa, kwa sababu ukiwa umeshuka, visahani vya kukazia uzi huwa vimebana na uzi hauingii mahali pake. Kisha mkazo wenyewe. Kisha umri wa uzi, kwa maana uzi uliokaa muda mrefu hupoteza nguvu.

Angalieni kilichotokea hapo. Sauti yake haikupotea. Bado ni yeye, bado unasikia kwamba ni mtu aliyekaa mbele ya mashine miaka mingi. Kilichobadilika ni mpangilio: aliyeleta swali amejibiwa kwanza, na simulizi imepata nafasi yake baadaye, pale ambapo msomaji ameshatulia na ana hamu ya kumjua aliyemsaidia. Ile "Safari" hakuifuta. Aliiwekea kiungo mwishoni mwa makala mpya. Asiyekujua hawezi kuipenda hadithi ya maisha yako, na akishakuamini ataitafuta mwenyewe.

Mtaniuliza: maswali hayo ya watu nitayajuaje? Kwanza, mengi mnayo tayari kwenye simu zenu. Swali ulilolijibu mara kadhaa kwa ujumbe, kwa ndugu, kwa rafiki, kwa mtu aliyeelekezwa kwako, ni makala inayosubiri kuandikwa, tena jibu lake umekwisha kuliandika kwa lugha rahisi. Pili, anza kuandika maneno mawili matatu kwenye kisanduku cha kutafutia na utulie. Mapendekezo yanayojitokeza chini yake yanatokana na yale watu wanayoyatafuta kweli. Tatu, na hili nawasihi mlifanye, unganisheni blogu zenu na Search Console ya Google. Ni huduma ya bure. Inakuonyesha maneno yaliyoandikwa na watu, ni mara ngapi ukurasa wako ulitokea mbele yao, na ni mara ngapi waliubofya.

Takwimu hizo zina mengi ya kusema ukijua kuzisikiliza. Tuseme ukurasa mmoja ulionyeshwa mara 1,000 na kubofywa mara 5. Wengi wakiona hivyo hukata tamaa. Mimi hufurahi, kwa sababu kazi ngumu imeshafanyika: mtambo umeuona ukurasa wako kuwa unahusika. Kinachobaki ni mambo mawili. Huenda uko chini mno kwenye orodha, na hapo makala inahitaji kuongezewa nyama. Au uko juu vya kutosha lakini kichwa chako hakisemi kitu, na hapo unabadilisha sentensi moja tu. Halafu tazama maneno yenyewe waliyoyaandika. Mara nyingi utakuta watu wanafika kwako wakitafuta jambo uliloligusa kwa mstari mmoja tu. Huo mstari unadai makala yake.

Kuhusu vichwa vya habari nina msimamo mkali kidogo, mnivumilie. Kichwa ni ahadi. "Hutaamini kilichotokea" si ahadi, ni mtego. Mtego humleta mtu mara moja, na anapoondoka huondoka na jina lako moyoni kama mtu wa kuepukwa. Nimesikia wakisema lazima tufanye hivyo kwa sababu kila mtu anafanya hivyo. Kwa mwandishi wa blogu ndogo hoja hiyo haina mashiko. Chombo kikubwa kinaweza kumpoteza msomaji mmoja na kisihisi. Sisi kila msomaji tuliyenaye tumempata kwa jasho. Andika kichwa kinachomwambia mtu atapata nini, weka maneno yenye uzito mwanzoni kwa kuwa vichwa virefu hukatwa kwenye simu, kisha timiza ulichoahidi. Basi.

Najua wapo wanaoogopa kwamba kuandika kwa kufuata maswali ya watu kutawafanya waandishi wa kawaida, wasio na ladha. Naielewa hofu hiyo. Lakini tukumbuke namna watu wanavyosoma kwenye skrini. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alichapisha matokeo ya utafiti wake: asilimia 79 ya washiriki walikuwa wakipitisha macho tu kwenye kila ukurasa mpya waliokutana nao, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Miaka imepita, skrini zimekuwa ndogo, na subira haijaongezeka. Wengine huchukua matokeo hayo kama ushahidi kwamba watu hawasomi tena. Mimi nayaelewa vingine. Mtu anayepitisha macho anaamua. Anajiuliza: hapa pananifaa, niketi? Kichwa kidogo kilicho wazi, aya isiyo ndefu kupita kiasi, sentensi ya kwanza yenye jambo ndani yake, vyote vinamsaidia kuamua kuketi. Akishaketi, mpe uandishi wako wote. Mpe sentensi ndefu kama zinastahili. Mpe ucheshi wako na kumbukumbu zako.

Na sasa hili lina uzito kuliko zamani. Tangu Mei 2024 Google imeanza kuweka majibu yaliyotungwa na akili mnemba juu kabisa ya matokeo ya utafutaji, ikianzia Marekani kisha nchi nyingine. Mtu anauliza, anasoma muhtasari, anaondoka bila kubofya popote. Hili linatugusa sote na sitalipamba. Makala inayorudia yale yanayopatikana kila mahali imepoteza sababu ya kufunguliwa. Kitu ambacho hakiwezi kufupishwa kikaisha ni kile ulichokiona wewe: picha ya ile sindano iliyopinda ikiwa juu ya kioo, jaribio ulilolifanya likashindikana na jinsi lilivyoshindikana, maoni yako yenye sababu zake, tofauti uliyoigundua kati ya mashine mbili ulizozitumia. Kwa hiyo unapomaliza rasimu, jiulize ni sentensi zipi humo ambazo mtu mwingine yeyote asingeweza kuziandika. Zikiwa hazipo, usichapishe bado.

Mambo ya kasi nitayapita haraka. Msomaji wako mara nyingi yuko kwenye simu na analipia data. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na megabaiti kadhaa, na ukurasa wenye picha sita za namna hiyo ni adhabu. Ipunguze upana hadi pikseli 1,200 hivi kabla ya kuipandisha, na uzito wake utashuka hadi sehemu ndogo tu ya ule wa awali bila jicho kuona tofauti. Google yenyewe inapendekeza kitu kikuu kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Ijaribu blogu yako kwenye simu ya bei ndogo, mahali penye mtandao dhaifu, nawe usome unachokutana nacho. Na yale madirisha yanayomrukia msomaji usoni kabla hajasoma hata mstari mmoja, yaondoeni. Mtu hajajua wewe ni nani, unamwombaje anwani yake?

Kuna pia jambo la kuacha kabisa. Bado naona waandishi wanaojaza orodha ndefu za maneno muhimu kwenye sehemu iliyofichwa ya ukurasa wakiamini yatawapandisha. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii katika kupanga matokeo. Muda huo urudisheni kwenye makala.

Nije kwenye viungo, yaani waandishi kutajana. Google ilipoanza, mwaka 1998, wazo la waanzilishi wake, Larry Page na Sergey Brin, lilikuwa kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni ushuhuda, na ushuhuda wa anayeheshimika una uzito zaidi. Wazo hilo likazaa biashara: watu wakaanza kununua viungo, kubadilishana kwa mamia, kujenga tovuti za bandia za kujisifia. Mwaka 2012 Google ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Penguin kupambana na hila hizo, kama ilivyofanya mwaka 2011 kwa mabadiliko ya Panda dhidi ya tovuti zilizojaa makala hafifu. Tovuti nyingi ziliporomoka. Wanaouza viungo bado wapo na watawatumia ujumbe. Msiwajibu.

Lakini ushuhuda wa kweli bado una thamani, na huo huombwa kwa adabu. Yule dada alimwandikia mwandishi mwingine, anayeeleza namna ya kuchagua vitambaa, ujumbe mfupi. Alisema hivi kwa maneno machache: nimesoma makala yako kuhusu vitambaa vizito na nimeiwekea kiungo kwenye blogu yangu, kwa sababu wasomaji wangu huuliza sana jambo hilo, nawe ukipata wasomaji wanaolalamika uzi kukatika kwenye vitambaa hivyo, nimeandika hapa namna ya kutafuta chanzo. Hakuomba kiungo. Hakujisifu. Alitoa kwanza, kisha akaonyesha pale kazi zao zinapokamilishana. Ujumbe kama huo hauandikwi kwa watu mia kwa mpigo, kwa maana lazima uwe umesoma kazi ya mtu kwa kweli. Ndiyo maana hujibiwa. Na hata usipojibiwa, umeshawapa wasomaji wako mahali pazuri pa kwenda, nao watakukumbuka kwa hilo.

Wapo wanaoogopa kuweka viungo vya nje wakidhani wanamfukuza msomaji. Msiogope. Msomaji anayejua kwamba kwako hupata njia ya kufika kwa wengine wazuri ana sababu ya kuanzia kwako kila mara. Viungo vya ndani navyo ni hivyo hivyo: kila makala mpya iwe na mlango wa kwenda kwenye makala mbili tatu za zamani zinazohusiana nayo kweli, na ukimaliza, rudi kwenye zile za zamani uzifungulie mlango wa kuja kwenye mpya. Sehemu hii ya pili karibu kila mtu huisahau.

Sasa nifike mahali panaponigusa zaidi, nako ni msomaji kurudi. Tumezoea kuhesabu wanaokuja. Mimi ningependa tuhesabu wanaorudi. Mtu aliyekuja mara moja ni mgeni, na mgeni tunamkaribisha vizuri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyekuja kwako mara ya tatu amekwisha kuonyesha nia, na ni haki kumwomba jambo: ajiandikishe kupokea makala kwa barua pepe, aulize swali, ampelekee mwenzake kiungo. Wengi wetu hatumpi jembe kamwe. Anamaliza kusoma, ameridhika, anatafuta la kufanya na hakuna, anafunga ukurasa. Kesho amesahau jina la blogu.

Mtasema, si ananifuata kwenye mtandao wa kijamii? Anakufuata, ndiyo, ila yeye na wewe mko kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mwaka 2013, tarehe 1 Julai, Google ilifunga Google Reader, huduma ambayo watu wengi waliitumia kusomea blogu walizozipenda, na waandishi wakapoteza wasomaji ambao hawakuwa na njia nyingine ya kuwafikia. Mwaka 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa, na kurasa nyingi zikaona idadi ya wanaozifikia ikishuka, ingawa wafuasi walikuwa wale wale. Mwaka 2019 Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida. Sisemi muihame mitandao hiyo. Itumieni, maana ndiko watu walipo. Ila kila unachofanya huko kiwe na njia ya kumleta mtu nyumbani kwako, kwenye blogu yako, na kwenye orodha ya barua pepe ambayo ukihama huduma moja kwenda nyingine unaondoka nayo.

Orodha hiyo ijengeni kwa uaminifu. Msiingize anwani ya mtu ambaye hakuomba. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018 inadai ridhaa iliyo wazi, na hata pasipo sheria, ni adabu ya kawaida. Mahali pake ni mwisho wa makala, mtu akiwa ametoka kusaidiwa. Na maneno yawe ya binadamu. "Jiandikishe kwa jarida letu" hayamwambii mtu kitu. Yule dada aliandika: "Nikichapisha makala nyingine ya kutatua matatizo ya cherehani, nikutumie kwa barua pepe?" Chini yake kisanduku kimoja cha anwani, na ahadi kwamba kujitoa ni kwa kubofya mara moja. Hakuna zaidi.

Baadhi yenu mtafanya yote haya na bado hakuna atakayeacha maoni. Naomba msisome ukimya huo vibaya. Nielsen huyo huyo aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 ya watu hutazama tu bila kuchangia, asilimia 9 huchangia mara chache, na asilimia 1 ndio hufanya sehemu kubwa ya uchangiaji. Mtu asiyesema kitu anaweza kuwa ndiye amesoma makala zako zote. Wale wachache wanaosema, wajibuni, tena kwa kina, kwa majina waliyojitambulisha nayo. Swali la msomaji mmoja mara nyingi ni swali la wengine wengi walionyamaza, na majibu mazuri ninayoyaona kwenye blogu za wenzangu mengi yalianza hivyo.

Neno kuhusu ratiba. Sipendi ushauri wa kuandika kila siku. Umewachosha watu na umeijaza intaneti makala nusunusu. Chagua mwendo unaouweza hata wiki ikiwa mbaya, uwaambie wasomaji, uushike. Na katika mwendo huo tenga nafasi ya kurudi nyuma. Makala ya zamani inayotembelewa kila siku, ambayo bei zake, viungo vyake au maelekezo yake yamepitwa na wakati, inastahili saa zako kuliko makala mpya ambayo hakuna aliyeiomba. Isahihishe, ongeza ulichojifunza tangu hapo, andika juu yake tarehe uliyoirekebisha ili msomaji ajue anasoma kitu kilicho hai. Anwani yake usiibadilishe, kwa sababu viungo vyote vilivyokwisha kuelekezwa kwake vitavunjika.

Ndugu mwenyekiti, muda niliopewa unaelekea kwisha, na yaliyobaki yanafaa kufanyika kwa mikono kuliko kusemwa. Naomba baada ya mapumziko kila mmoja wetu arudi na simu au kompyuta yake, na awe amefungua makala moja ya zamani. Isiwe ile unayoipenda kuliko zote. Iwe ile ambayo takwimu zinaonyesha watu wanaifikia kisha wanaondoka. Tutakaa wawili wawili, kila mtu atamsomea mwenzake kichwa na aya ya kwanza tu, na mwenzake atasema anadhani makala hiyo inajibu swali gani. Akikosea, tutakuwa tumejua pa kuanzia.